Kitabu Kimoja cha Darasa la Pili

Mimi nafundisha darasa la tatu, na anayetaka kunijua anijue mapema: subira sina. Siku inagawiwa nadhani nilikuwa kwenye foleni, nikachoka kusubiri, nikaondoka zangu. Sasa mtu wa aina yangu kupangiwa chumba kilichopakana na cha Bi Taratibu, tena ukuta wenyewe wa mbao nyembamba unaopitisha hata kikohozi, ule ulikuwa mtihani. Lakini habari zake nitazisimulia mimi, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu wengine wakizisimulia wanazitia sukari mpaka zinachefua.

Bi Taratibu alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa miaka ya nyuma, na walimpa kwa haki. Mtoto akikimbia, taratibu. Mtoto akilia, taratibu. Mwalimu Mkuu mwenyewe akiingia ofisini mbio mbio na mafaili yanamdondoka, "Taratibu, mwalimu, hakuna moto." Mwanamke mrefu, mkavu, viatu vyake vimelika visigino upande mmoja tu, na mkobani ukimwomba sindano anayo, ukimwomba kipande cha sabuni anacho. Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa ambaye masikio yalikuwa yameanza kumtupa mkono, kwa hiyo kule ilikuwa kupiga kelele kutwa. Alikuwa akisema shuleni ndiko anakokuja kupumzisha koo. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho kazini.

Darasa lake lilikuwa na kitabu kimoja. Simaanishi kimoja kwa kila mtoto. Namaanisha kitabu cha aina moja, nakala chache zilizopauka, dawati zima linagawana nakala moja, na nyingine hazina hata jalada. Kilikuwa kinahusu kuku wa bibi na mbuzi mkorofi. Kutwa nzima nilikuwa nakisikia kupitia ukutani, darasa zima kwa sauti moja: "Kuku wa bibi ametaga! Mbuzi amekuja! Mbuzi, toka!" Na wangu mimi, darasa la tatu, waliopita mle mwaka uliotangulia, wakiwa katikati ya hesabu za kugawanya, wanaitikia kwa chini chini: "Bibi ameshika ufagio!"

"Ebo!" nawaambia. "Nani kauliza habari za ufagio hapa?"

Mwanzoni mwa mwaka ule mkaguzi wa elimu alikuja bila taarifa. Niliingia darasa la pili kupeleka kiti, maana kiti chenye miguu minne iliyotimia kilikuwa kwangu peke yangu. Mkaguzi akaomba mtoto mmoja asome. Darasa zima likamgeukia binti mmoja mdogo niliyempa mimi jina la Redio, kwa sababu ukimwasha hazimiki. Redio akasimama, akanyoosha sketi, akafungua kitabu, akasoma. Jamani, alisoma! Sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, anapanda panapostahili kupanda, anashuka panapostahili kushuka, kidole kinatembea chini ya maneno. Mkaguzi anatikisa kichwa kwa raha. Mwalimu Mkuu kavimba kifua.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Redio na kiti changu mkononi. Nikachungulia kitabuni. Ukurasa wa bibi na ufagio haukuwemo. Ulishachanika zamani, kimebaki kipande kidogo kwenye uzi. Kitabu kilikuwa kinaruka kutoka mbuzi anapoingia hadi bibi anapocheka, na Redio aliusoma wote ukurasa ule usiokuwepo, neno kwa neno, huku kidole chake kinapita chini ya maneno mengine kabisa.

Mkaguzi alikuwa mbele yake, hakuona kitu. Akapiga makofi, sote tukapiga makofi. Nikainua macho nikakutana na ya Bi Taratibu. Na yeye alikuwa ameona.

Wageni walipoondoka nilimsikia upande wa pili anaita watoto mezani kwake, mmoja mmoja. Anaweka kidole kwenye neno moja tu, "mbuzi," anauliza, hili neno gani? Mtoto anavuta pumzi na kuanza kutoka juu kabisa, kuku wa bibi ametaga, anateremka na hadithi hadi alifikie. Kisha nikasikia chaki. Aliandika ubaoni maneno yale yale waliyoyazoea, ila ameyapanga upya. Akawaambia wasome. Darasa lile ambalo halikuwahi kunipa amani likanyamaza kimya, na mimi, badala ya kushukuru, nilishikwa na huzuni.

Saa ya mapumziko alinifuata. "Mdogo wangu, hawa watoto hawasomi."

"Dada, mbona kwangu wanafika hivyo hivyo kila mwaka? Naanza nao upya. Nilidhani unajua."

"Sikujua," akasema. Akakaa kwenye benchi akitazama mikono yake iliyojaa vumbi la chaki.

Kilichomchoma zaidi kilikuja baadaye, na alinisimulia mwenyewe. Alikuwa anarudi nyumbani, akapita kwenye kibanda cha fundi wa kuziba pancha. Kijana mmoja mwenye mikono myeusi kwa grisi akaruka kutoka kwenye tairi: "Mwalimu wangu!" Akampa kiwiko badala ya kiganja asimchafue, akacheka, akaanza: kuku wa bibi ametaga, mbuzi amekuja, mpaka mwisho, na bibi, na ufagio, na kila kitu. Mtu mzima na ndevu zake. Bi Taratibu akamuuliza, na ile karatasi iliyobandikwa ukutani kwako inasemaje? Kijana akaitazama, akatabasamu. "Hayo ya kusoma, mwalimu, nimemwachia mke wangu."

"Ananipenda," Bi Taratibu aliniambia. "Hiyo ndiyo inayoniua. Ananikumbuka kwa mapenzi kabisa. Miaka yote hii, mdogo wangu, mimi nimemfundisha nani kusoma?"

Ningeweza kumjibu kwamba wapo waliojifunza. Wapo, bila shaka. Lakini ningewataja akina nani?

Vitabu vilikuwepo. Hilo ndilo lililokuwa likinipandisha hasira. Ofisini kwa Mwalimu Mkuu, nyuma ya kiti chake, kulikuwa na kabati la chuma limefunikwa kitambaa, juu yake maua ya plastiki, na ndani limejaa vitabu vya hadithi vya watoto wadogo, vya rangi, vipya, vilivyoletwa na idara ya elimu. Vilitoka siku za wageni waliotoa taarifa. Vinapangwa juu ya madawati asubuhi, wageni wanavisifu, wakishapanda gari vinakusanywa, vinafutwa vumbi, vinarudi ndani, kabati linafungwa. Tulishazoea. Hata watoto walikuwa wanasema siku ya vitabu kama watu wanavyosema siku ya mvua.

Bi Taratibu akaenda kuviomba. Mimi nilimsindikiza, kisa na maana nilitaka kuona.

"Mwalimu," Mwalimu Mkuu akasema, na sauti yake haikuwa ya ubaya, "aliyenitangulia kwenye kiti hiki alihamishwa kwa sababu ya vitabu. Vilichanika, vingine vikapotea, akaulizwa kimoja kimoja. Wewe unavijua vidole vya darasa la pili. Vikikaa humu nalala usingizi."

"Na watoto wangu?"

"Wana tatizo gani? Mkaguzi si amewasifu mwenyewe? Nimepokea pongezi kwa ajili yako. Pumzika sasa, dada, umalize mwaka wako kwa heshima."

Basi zile sifa ndizo zilizomfungia mlango. Tulipotoka nilisema kwa hasira maneno mengi kumhusu Mwalimu Mkuu, mengine siwezi kuyarudia mbele ya watu wenye adabu zao. Bi Taratibu akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema, "Kesho nakiondoa kile cha kuku."

Na kweli akakiondoa. Alikusanya nakala zote akazifungia kwenye droo ya meza yake, na darasa la pili likabaki bila kitabu hata kimoja. Mtu mwingine angesema amerukwa na akili. Mimi nilisema.

Haukupita muda, mama yake Redio akaja. Huyu mama anafua nguo kwenye majumba ya watu, mikono yake imekunjamana kwa maji, na mdomo wake mtoto kaurithi. Aliingia bila kubisha.

"Mwalimu, mwanangu umemfanya nini? Mwaka unaanza alikuwa anasoma mpaka majirani wanaleta vigoda kumsikiliza. Sasa hivi namwambia soma, ananitolea macho!"

"Keti kwanza, mama."

"Siketi!"

"Haya, simama, lakini taratibu."

Nilicheka upande wangu wa ukuta, nikaacha darasa langu linakili ubaoni, nikasogea mlangoni kwao. Bi Taratibu alimweleza yule mama, bila kujitetea, kwamba mtoto hakuwa anasoma, alikuwa anakumbuka. Mama akaguna. Hakuna mtu aliyewahi kusikia mguno wa kutoamini kama ule. Basi Bi Taratibu akatoa mkobani pakiti ya sabuni, akamwita Redio. Redio akaona picha ya mapovu, akasema kwa sauti yake ile, "Sabuni!"

"Si hiyo kaisoma!" mama akaruka. "Unataka nini tena?"

Bi Taratibu akaigeuza pakiti upande usio na picha, wenye maelezo matupu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Redio akatazama. Akamtazama mama yake. Akatazama tena pakiti, akavuta pumzi, na kwa sauti ndogo sana akaanza, "Kuku wa bibi..."

Yule mama alivuta dawati akaketi, miguu yake mirefu imebanwa na dawati la mtoto, akamvuta bintiye akamweka mapajani kama mtoto mchanga.

"Sasa anataka nini, mwalimu?" akauliza baadaye.

"Maandishi. Yoyote yale, ila asiwe anayajua."

Siku iliyofuata alileta mfuko mzima. Alipita kwenye nyumba zake zote za kufua akaomba kila kilichoandikwa na kisichotakiwa: pakiti, kalenda za zamani, kadi za harusi za watu ambao pengine walishaachana, maelezo ya kutumia pasi, kurasa za magazeti zilizofungiwa vyombo. Akawasema wazazi wengine mpaka nao wakaleta. Bi Taratibu alikuwa anachambua, anakata vinavyofaa, na migongoni mwa kalenda anaandika kwa herufi kubwa habari walizosimulia watoto wenyewe, kisha anashona kwa uzi ubavuni kikawa kitabu.

"Mwandiko wako mzuri, mdogo wangu," akaniambia.

"Usinipake mafuta, dada. Mimi nina madaftari yangu ya kusahihisha."

Nikaandika hata hivyo. Niliandika "Nyumba yetu imevuja," niliandika "Babu anakoroma kushinda pikipiki." Niliandika cha mtoto mmoja aliyesimulia kwamba baba alianguka kitini akasema kiti ndicho kimekosea. Baba mwenyewe alikuja kulalamika, akakisoma kile kitabu kwanza ili ajue analalamikia nini, akacheka mpaka akajifuta machozi, akaomba asionyeshwe mkewe. Mkewe ndiye aliyemtuma mtoto akisimulie.

Masharti ya Bi Taratibu yalikuwa mawili tu. Hakuna kusoma kwa pamoja, kila mtu na kitabu chake na sauti yake. Na kitabu ambacho mtoto ameanza kukisema bila kukitazama kinaondoka mezani kwake, anapewa kingine. Ajabu ni waliotangulia kusoma. Si wale wenye ndimi kali. Walikuwa wale wa nyuma, wazito, ambao kwenye kwaya ya kuku walikuwa wanafungua mdomo tu kuwafuata wenzao. Hao kwa kuwa hawakuwa wamekariri kitu, hawakuwa na pa kukimbilia, wakayatazama maneno.

Redio akawa wa mwisho. Masikini, kichwa chake ndicho kilichomponza. Alikuwa akisikia kitu mara mbili ameshakimeza, na akishakimeza macho yake hayana kazi tena. Ukimpa kitabu cha kalenda leo, kesho anakisema akiwa anatazama dirishani. Naye mwenyewe alijua. Yule mtoto wa kuwaka asizimike akawa hanyooshi tena mkono, anakaa amejikunyata, na mimi niliyempa lile jina sikuthubutu kulitamka mbele yake.

"Huyu anahitaji vitabu vingi kuliko nguvu zangu za kushona," Bi Taratibu alisema. Kweli alikuwa amechoka, vidole vimejaa matundu ya sindano, macho mekundu, na bado watoto walikuwa wanazimaliza zile karatasi kuliko mchwa. "Mwaka unakwisha, mdogo wangu. Watoto nakukabidhi wewe. Sitaki kukukabidhi kwaya."

Kisha ikaja taarifa kwamba mkaguzi anarudi. Safari hii kwa barua, kwa hiyo ikawa siku ya vitabu. Asubuhi kabati likafunguliwa. Vikapangwa juu ya madawati, kimoja kwa kila mtoto, majalada yanang'aa, harufu ya gundi mpya imejaa chumbani. Watoto wakaambiwa mikono nyuma, hakuna kufungua mpaka mgeni aseme. Walikaa hivyo, wameinamisha vichwa, wanajaribu kuchungulia ndani kupitia upenyo wa kurasa.

Mwalimu Mkuu akamwita Bi Taratibu pembeni, pale mlangoni niliposimama mimi. Alikuwa na nakala moja ya kile cha kuku ofisini, kaileta mkononi.

"Yule binti wa mwanzo atasoma hiki," akasema kwa kunong'ona. "Anakijua. Hivi vingine viwe vya kuonwa tu. Dada, hii ndiyo taarifa yako ya mwisho. Usijiharibie."

Alisema kwa nia njema, hilo nampa. Bi Taratibu alikipokea kile kitabu, akamshukuru, akakiingiza mkobani mwake, akafunga zipu.

Mkaguzi alifurahi kumwona Redio. "Ah, mtangazaji wetu! Simama, mwanangu, utusomee." Redio akamtazama Bi Taratibu. Mimi pia nilimtazama. Mwalimu Mkuu alimtazama kuliko sisi sote. Bi Taratibu alikwenda taratibu mpaka kwenye dawati lile, akachukua kitabu kipya kilichokuwa mbele ya mtoto, ambacho hakuna jicho la mtoto lililowahi kukiona ndani, akakifungua ukurasa wa kwanza, akampa.

Redio akaweka kidole chini ya neno la kwanza. "Bwana... m... mmoja," Redio akaanza. "Ali... alinu... alinunua." Mwalimu Mkuu akatazama dari. "Vi... viatu. Vi... vipya." Jamani, mateso! Kila neno alilivuta kama ndoo kutoka kisimani. Mimi nisiye na subira nilikuwa nimejifinya kiganja mpaka kucha zimeacha alama, natamani kulisema lile neno mimi tulimalize. Bwana yule hakutaka viatu vyake vichafuke. Akavibeba kichwani. Akatembea pekupeku. Mvua ikaanza. Redio akatoa jasho puani. "Aka... akavua... sha... shati. Aka... vi... akavifunika... viatu."

Akanyamaza.

"Endelea, mwanangu," mkaguzi akasema, na furaha yake yote ilikuwa imekwisha.

Redio hakuendelea. Kidole chake kilirudi nyuma, kikapita tena chini ya mstari, midomo inacheza bila sauti. Akafika mwisho wa mstari. Na pale pale, mbele ya mkaguzi, mbele ya Mwalimu Mkuu, akaangua kicheko.

"Nini?" jirani yake akamuuliza.

"Kavua shati!" Redio akasema, hawezi hata kusema vizuri kwa kucheka. "Kavifunika viatu! Viatu visilowe! Yeye mwenyewe analowa!"

"Wapi? Wapi?" Mikono yote ikatoka mgongoni. Darasa zima likafungua vitabu bila ruhusa ya mtu yeyote, wanatafuta bwana mwenye viatu, na kwa kuwa vitabu vilikuwa tofauti hawakumpata, wakakuta mengine, kila mmoja yake. Kelele za mwanzo zikapungua, zikawa minong'ono, ma-ma, ka-ti-ka, ali-po, kila mtu na lake.

Nimefundisha miaka mingi. Kile cha kuku wamekisema mamia ya watoto masikioni mwangu, na sikuwahi kumsikia mmoja akicheka.

Mkaguzi akamgeukia Bi Taratibu. "Mwalimu, mwanzo wa mwaka mtoto huyu alikuwa anasoma kwa kasi. Sasa anasitasita. Mmerudi nyuma. Imekuwaje?"

"Mwanzo wa mwaka alikuwa hasomi, bwana mkaguzi," akajibu. "Leo anasoma."

Mkaguzi akamwangalia kama mtu aliyepigwa na jua sana. Akaandika kwenye karatasi yake kwamba kasi ya kusoma katika darasa la pili imeshuka na mwalimu wake hana maelezo ya kuridhisha. Na hiyo ndiyo taarifa ya mwisho katika utumishi wote wa Bi Taratibu. Yeye alikuwa amesimama karibu na ubao analia bila kujificha, anajifuta kwa kitambaa cha kufutia chaki, uso mzima umekuwa mweupe. Nikamfuata nikamshika mkono. Nilitaka kumwambia neno la maana, nikajikuta na mimi nalia, tena kwa sauti, kwa sababu hata kulia siwezi kulia taratibu.

Gari la mkaguzi liliondoka, na muda si mrefu Mwalimu Mkuu akaja na boksi lake la kukusanyia vitabu. Amekunja uso. Shuleni kwetu Mwalimu Mkuu akiingia darasani watoto husimama wote kwa pamoja, madawati yanapiga kelele, wanamwamkia kwa sauti moja, na yeye huwaambia waketi. Wanaosinzia husimama. Niliwahi kumwona mmoja kavunjika mguu akisimama kwa mguu mmoja.

Aliingia, akasimama, akasubiri.

Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyemwona. Vichwa vyote viko chini, vidole vinatembea, midomo inacheza, mmoja anatafuna kola ya shati lake bila habari. Mwalimu Mkuu akakohoa. Nilimtazama Bi Taratibu, nikidhani atagonga meza awakumbushe heshima. Alikaa tu, mikono juu ya mkoba.

Mwalimu Mkuu akapiga hatua mbele, boksi kifuani, akasimama kati ya dirisha na dawati la kwanza. Mtoto aliyekuwa pale, mmoja wa wale wazito wa zamani, alisogeza kitabu kulia, akakisogeza kushoto, kisha bila kuinua uso akasema, kwa upole kabisa:

"Samahani, unanizibia mwanga."

Mwalimu Mkuu akasogea. Alisogea mpaka ukutani, akaegemea pale na boksi lake tupu, akawatazama wale watoto mpaka kengele ya mapumziko ikalia, na wao wakiwa bado hawajatoka, aliondoka na boksi lake likiwa tupu vile vile lilivyokuja.